Nililihesabu Povu Likipanda Tu

Nilikosa mimi. Si mvua, si mtambo, si kokoto, wala si jicho la mtu. Mimi! Naanza hivyo kwa sababu najijua. Nikianza kwa maelezo, tukifika katikati nitakuwa nimeshajitoa, maana mdomo wangu huu umezoea kushusha bei ya kila kitu, hata ya dhambi.

Jina langu sitalitaja, wala la kijiji. Wapemba wenzangu mkinijua, nijueni, ila isiwe mimi niliyejitaja. Mnaona? Hata toba naitaka kwa kupatana. Najitia kinyaa!

Nilikuwa nyapara wa lami. Kabla ya hapo nilikuwa dalali wa pweza pale bandarini Wesha, na elimu yangu yote niliipata hapo. Nilitoka na mambo mawili: usikubali neno la kwanza, na kila kitu kihesabu mara mbili. Ukiniambia pweza ishirini, nitahesabu vichwa ishirini, kisha nihesabu mikono nigawe kwa nane. Watu walinicheka, lakini hakuna aliyenipunja.

Tabia hiyo ndiyo niliyoingia nayo kwenye kazi ya barabara. Nilianza na chepe, nikapanda mpaka nikapewa watu kumi na wawili. Asubuhi nawahesabu, jioni nawahesabu, kana kwamba kuna atakayemla mwenziwe.

Basi mwaka huo zamu ikafika ya kijiji chetu. Kuna mteremko pale, mrefu, unashuka toka kwenye mikarafuu mpaka bondeni kwenye mpunga. Tangu utoto wangu ulikuwa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha mtu anashuka kwa makalio. Dada yangu Raya, tumbo moja, anakaa chini ya mteremko ule, nyumba ya tatu. Mumewe alishafariki. Ana mtoto mmoja, Zuwena.

Na huyo Zuwena ndiye aliyekuwa fundi wetu wa maabara. Alikwenda kusoma Unguja akarudi na cheti, akaajiriwa kwa muda, akiahidiwa kuwa barabara ikimalizika salama atapewa kazi ya kudumu. Alipanga chumba Jadida, kule Wete, na kila asubuhi alifika kabla yangu. Binti wa watu hana makuu. Anapima, anaandika kwenye daftari lake la jalada gumu, ananyamaza.

Mimi ndiye niliyemwombea nafasi ile. Nilimwambia dada, "Mtoto yuko mikononi mwangu." Loo! Mikono gani hiyo!

Sasa sikilizeni jambo la povu, maana bila hilo hamtauelewa uchafu wangu.

Zamani tukichemsha lami mpaka iwe nyepesi kama mafuta, moshi unatutoa machozi. Mara hii tukaletewa mtambo mwingine. Lami ikiwa ya moto, mtambo unaitia maji baridi kidogo, kidogo sana. Maji yakigusa moto ule yanageuka mvuke papo hapo, na lami nzima inafura povu. Ikiwa povu inakuwa laini, inatiririka, inazunguka kila kokoto, na kokoto zenyewe zinapishana bila kusuguana sana. Moto mdogo, moshi mdogo, reki inapita kama kwenye mchele uliotiwa tui.

Vijana waliupenda mtambo ule kuliko mishahara yao.

Siku ya kwanza injinia alimwambia Zuwena atuoneshe. Akaweka ndoo ya bati, akafungua bomba, akatoa kata moja ya lami yenye povu. Ikapanda! Nilipiga hesabu: mara kumi ya ilivyokuwa. Nikarudia: kumi. Zuwena yeye hakutazama kupanda, alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo, "nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili," akapiga mstari kwenye daftari.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Muda, Mjomba. Tangu lilipofika juu mpaka liliposhuka nusu. Huo ndio muda wetu wa kuchanganya. Povu linaazima wepesi tu. Likifa, lami inarudi kuwa nzito ilivyokuwa."

"Na maji kiasi gani?"

"Vipimo viwili kwa mia vya lami. Na kokoto kavu."

Injinia akatikisa kichwa akasema, "Viwili. Na rola ipite mara nane." Rola ni lile gari zito la kushindilia.

Mimi nikaitikia. Lakini ndani ya kichwa changu, Mungu anisamehe, nilisikia vile ninavyosikia siku zote: hilo ni neno la kwanza tu.

Wiki mbili tulikwenda vizuri. Viwili ni viwili, nane ni nane. Tukafika juu ya mteremko wetu, injinia akapata safari ya Unguja ya siku tatu. Akatuachia kazi.

Usiku ule mvua ikanyesha, ikarowesha rundo zima la kokoto. Asubuhi Zuwena alinisubiri amesimama juu ya rundo.

"Mjomba, leo tusimame. Kokoto zimelowa."

"Zimelowa juu."

"Zimelowa mpaka ndani. Shika hii."

Nikaishika, nikaigeuza. "Hii imenawa uso tu, haijaoga."

Vijana wakacheka. Hata yeye mdomo ulimcheza. Ndivyo nilivyokuwa nikiwashinda watu, kwa kuwachekesha kwanza.

Kwa nini sikusimama? Sheha alikuwa amekuja jana yake, ameniita "mheshimiwa nyapara" mbele ya watu. Karafuu zilikuwa zimeshaiva, watu wanataka njia kabla ya kuchuma. Akaniambia, "Wewe mtoto wa hapa, usituangushe." Nami nikamwahidi, mbele ya watu hao hao, kuwa Ijumaa watashuka mteremko kwa viatu vya msikitini. Basi! Nilishauza, sikuwa na mzigo.

Tukawasha mtambo. Kokoto zile baridi zenye maji zikaifanya lami igande. Ikatoka madonge, reki haipiti, vijana wanalalamika. Nikaenda kwenye gurudumu la bomba la maji. Nikajiambia: ikiwa viwili vinailainisha, vitatu je? Na vinne? Nikafika vitano, nikakaa.

Zuwena akaja mbio. "Mjomba, viwili si bei! Hapa hapapatanwi."

"Kila pahala panapatanwa, mwanangu."

"Hebu basi tupime. Tupime tu."

Sikumkatalia. Akaleta ndoo yake, akatoa kata moja. Yallah! Povu lilipanda likafika ukingoni, likataka kumwagika. Hesabu yangu ilisema mara ishirini. Nikahesabu tena: ishirini! Nikapiga makofi.

"Umeona linavyopanda?"

"Nimeona," akasema. "Wewe umeona linavyoshuka?"

Alikuwa ameshamaliza kuhesabu. Hakufika mbali. Nne. Moja, mbili, tatu, nne, na povu limekaa chini ya ndoo kama paka aliyepigwa.

"Litakufa kabla halijafika kwenye jiwe," akasema. "Na maji yote hayo, pamoja na yaliyomo kwenye kokoto, yatakwenda wapi? Lami haishiki jiwe lenye maji, Mjomba. Inateleza juu yake."

Maji ya bomba nilikuwa nimeyahesabu mara mbili. Maji yaliyokuwamo kwenye kokoto sikuyahesabu hata mara moja. Mimi! Mtu wa kuhesabu mikono ya pweza!

Nikamwambia, "Wewe andika, sisi tutandaze."

Akaandika. Tarehe, vipimo vitano, kokoto mbichi, kupanda ishirini, kushuka nne. Na chini yake, kwa mwandiko wake mzuri: "Nyapara ameambiwa."

Tukatandaza.

Nitasema ukweli wa Mungu, sijawahi kuona lami tamu kama ile. Ilitoka inang'aa, inatiririka, haiusumbui mkono. Mteremko mzima tuliumaliza siku moja. Mvuke ulikuwa ukipanda njiani kama wa chungu, na mimi nikautazama nikafurahi, eti kazi imeiva.

Mmoja tu ndiye aliyeguna, Makame, dereva wa rola, mtu wa Kisiwa Panza. Alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, akasimamisha.

"Yakhe nyapara, hii inakimbia mbele ya gurudumu. Rola yaogelea! Mie nimehama Kisiwa Panza kuyakimbia maji, wewe wanletea huku juu mlimani?"

"Imeshalala sawa. Itazame."

"Imelala, lakini macho wazi."

"Basi iache. Mara mbili zatosha."

"Injinia kasema nane."

"Injinia yuko Unguja."

Mbili badala ya nane, na vitano badala ya viwili. Pande zote mbili nilipata nilichotaka, nikajiona dalali hodari.

Ijumaa watu wakashuka kwa viatu vya msikitini. Baada ya sala walinishika mkono mmoja mmoja. "Kama kioo!" wakasema. "Barabara kama kioo!" Nami nikakunja uso wa unyenyekevu. Nikikumbuka uso ule sasa, natamani niuvue niutupe jaani.

Kama kioo. Kweli. Nani anatembea juu ya kioo?

Jua likaja, kali, siku kumi mfululizo. Wanawake wakaanza kuanika karafuu pembeni mwa barabara, majamvi kwa majamvi. Siku ya tatu nikamsikia mama mmoja akipiga kelele kuwa jamvi lake limenata. Lami ilikuwa inapanda juu, nyeusi, ya mafuta, hasa pale matairi yanapopita. Kumbe haikuwa imeshika mawe. Maji yakipashwa moto chini yake yanaisukuma, nayo inapanda peke yake na kuyaacha mawe chini. Mahali pengine kokoto ziling'oka zikabaki mashimo, na mahali pengine pakawa laini kabisa, hapana hata chembe ya kukwaruza mguu.

Nililiona. Naungama: nililiona kabla ya mtu kuumia. Nikaliita jasho. Nikawaambia watu, "Lami mpya hutoka jasho, itakauka." Nikamwaga mchanga mahali pawili, usiku, nisionekane. Mchanga ulikaa siku moja ukaondoka na matairi.

Kisha mvua ndogo ikanyesha alasiri moja. Ndogo! Hata haikujaza kata.

Dada yangu Raya alikuwa anatoka shamba juu ya bodaboda, kalipakata gunia la karafuu mbichi. Dereva alikwenda taratibu, kijana mwangalifu. Walipofika katikati ya mteremko akashika breki kidogo, na pikipiki ikaondoka kama sabuni mkononi. Dereva alichubuka magoti. Dada alianguka ubavu, gunia juu yake.

Niliitwa, nikaja mbio. Na mimi, nyapara mwenyewe, nilipofika pale nikateleza nikakaa kitako juu ya kazi yangu. Watu hawakucheka. Afadhali wangecheka!

Tulimbeba kwenye mlango wa mbao. Buibui lake lilikuwa limeingia ule weusi, mikono yangu imeingia ule weusi, karafuu zimetapakaa mteremko mzima zimenata kwenye lami kama nzi. Karafuu na lami. Harufu zile mbili pamoja mpaka leo zikinijia natapika. Si maneno ya kupamba, natapika kweli.

Nyonga ilivunjika. Hospitali wakafanya walichoweza, akarudi nyumbani na fimbo na mguu mmoja uliofupika. Mwanamke aliyekuwa akipanda mkarafuu mpaka tawi la juu!

Injinia, ambaye safari yake ya Unguja ilikuwa imerefuka, alirudi akaja na mtaimbo. Alichokonoa pale dada alipoangukia, akainua bonge. Chini yake kokoto zilitoka safi, nyeupe, kama meno. Hazikuwahi kushikwa na lami hata siku moja. Na chini ya kokoto palikuwa na maji.

"Daftari," akasema.

Zuwena akampa. Akafungua, akageuza, akageuza tena. Ukurasa wa siku ile haukuwapo.

Haukuwapo kwa sababu ulikuwa kwenye kofia yangu. Niliuchana usiku ule ule dada alipoanguka, wakati Zuwena yuko hospitali ameshika mkono wa mamake, daftari kaliacha kazini. Nikaukunja mara nne, nikautia ndani ya bitana la kofia yangu ya viua, ile ya kusalia. Kwa nini sikuuchoma? Sijui. Mimi situpi kitu chenye hesabu.

"Nani alisema maji yawe vitano?" injinia akauliza. Vijana walishamwambia vilikuwa vitano, ila aliyefungua hawakumtaja, maana riziki yao ilikuwa mkononi mwangu.

Na hapa ndipo pabaya. Sikupiga kelele, sikuapa. Nilisema kwa upole kabisa, "Injinia, maji yanapimwa na maabara. Mimi natia ninachoambiwa."

Maneno machache tu! Nimewahi kusema uongo mwingi sokoni, lakini wote ule ulikuwa na mtu mbele yangu anayejua kuwa naongopa. Huu niliusema mbele ya anayejua na asiyejua kwa pamoja, nikamtazama asiyejua.

"Zuwena, uliandika siku ile?"

"Niliandika."

"Uko wapi ukurasa?"

Akanitazama. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kofia. Nilidhani ameona. Labda aliona kwa jinsi nilivyoigusa.

"Sijui, bwana," akasema.

Makame peke yake ndiye aliyefungua mdomo. "Mie nilisikia nyapara akisema mara mbili zatosha." Nikamjibu kuwa yeye alikuwa kwenye rola, na kwenye rola mtu hasikii hata adhana. Watu wakacheka. Nikashinda tena.

Zuwena aliondolewa kazini wiki ile. Hakuondolewa kwa ubaya, walisema tu hana uangalifu. Kwa fundi wa kupima, neno gani baya kuliko hilo?

Mimi nikabaki nyapara.

Mkadhani imeisha? Dada aliambiwa na watu kuwa aliyeharibu lami ni mwanawe. Nani kamwambia kwanza sijui, ila nami nilipoulizwa nilisema, "Mtoto, Dada. Mtoto hukosea. Msamehe." Nikamwombea msamaha kwa kosa langu mwenyewe! Dada akalia akasema Mungu anilipe kwa moyo wangu.

Tangu siku hiyo nikawa mimi ndiye ninayemchotea maji asubuhi, ninayemletea kuni, ninayemshika akienda chooni mpaka mlangoni. Kila nikimwekea ndoo ananiombea dua. Nikirudi kwangu, nasali, na nikisujudu ule ukurasa unanigusa paji la uso kwa ndani ya kofia. Nilikuwa na kofia nyingine tatu. Sikubadilisha. Msiniulize.

Nilikwenda Jadida. Nilimkuta Zuwena kwenye chumba chake anashona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Alinikaribisha, akanipa kiti, yeye akakaa chini.

"Mwanangu, umejua."

"Nimejua, Mjomba."

"Mbona hukusema?"

Akaendelea kuzungusha cherehani. "Ukurasa sina. Na ningesema bila ukurasa, ungenishinda. Ungewachekesha."

"Na kwa mamako? Mamako angekuamini."

Akasimamisha cherehani. "Mama anaye nani wa kumchotea maji? Mie hanitaki mlangoni. Nikimwondolea na wewe, abaki na nani? Nimepima, Mjomba. Nimeona bora abaki na mmoja, hata kama ni wewe."

Hata kama ni wewe! Nikatoka pale. Ungefikiri ningekwenda moja kwa moja kusema. Sikwenda! Miezi minane, nimeihesabu mara mbili, niliendelea kuchota maji na kupokea dua.

Kilichonivunja ni maneno ya dada mwenyewe. Asubuhi moja homa ilimshika, akadhani siku zimefika. Akanishika mkono akasema, "Kaka, nikifa, utanishusha wewe kaburini. Lakini yule mtoto asinikoshe. Mwambie wanawake wengine wanikoshe. Mikono yake isiniguse."

Nilitazama mikono yangu. Kucha zangu tangu siku ile ya mteremko hazijatakata sawasawa. Mikono hii ndiyo imshushe, na ile iliyoandika haki isimguse hata kwa maji ya mwisho?

Nikavua kofia. Nikachana bitana kwa meno, nikatoa ukurasa. Dada hajui kusoma maandishi ya shule, nikamsomea. Vipimo vitano. Kokoto mbichi. Kupanda ishirini. Kushuka nne. Nyapara ameambiwa.

Akaweka kidole kwenye ukurasa, pale nilipoishia.

"Nyapara ndiye nani?"

"Mimi, Dada."

"Na mwanangu alikwambia ngapi?"

"Viwili."

"Na ulikuwa nao wapi ukurasa huu?"

Nikamwonesha kofia.

"Ukisali nayo?"

"Nikisali nayo."

Akasogeza mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akanipa mgongo. "Toka kwangu. Usirudi na maji wala kuni. Ukirudi, rudi na jina la mwanangu."

Nikaenda kwa injinia siku hiyo hiyo. Nikauweka ukurasa mezani. Ulikuwa umekunjika, una jasho la kichwa changu, una mafuta. Akaushika kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota panya. Hakunitukana. Alisema tu, "Umekaa nao muda wote huo?" kisha akaita karani.

Kazi yangu ilikwisha hapo, na ni haki. Zuwena aliandikiwa barua ya kumsafisha, akaitwa kazini, barabara nyingine, kule kaskazini. Mteremko wetu ulichimbuliwa wote ukafanywa upya, kwa maji vipimo viwili na kokoto kavu, rola mara nane. Siku walipoutandaza nilisimama mbali nikaangalia. Haung'ai. Mweusi mzito, unakwaruza, tairi linashika. Sheha alinipita akageuza uso.

Zuwena alirudi kwa mamake. Nasikia siku ya kwanza alimkosha miguu, na ule mzima na ule mbovu. Nasikia, maana sikuwapo. Mlango ule sasa mimi naishia kizingitini.

Siku moja, si zamani, nilikwenda nikabisha hodi, nikasimama nje. Nikamuuliza dada jambo moja tu: lile neno lake la kaburini, kuwa mimi ndiye nitakayemshusha, liko vile vile au limeondoka?

Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu, mara moja, mara mbili.

"Bado sijui," akasema.

Maisha yangu yote sijawahi kukubali neno la kwanza. Maneno yalishanijaa mdomoni: Dada, fikiri tena, Dada, kumbuka utoto wetu, Dada, nusu basi, nishike hata upande wa miguu. Nikayameza yote. Nikasema, "Sawa, Dada," nikapanda mteremko.

Basi wewe unayesoma, uwe wa lami au wa dawa au wa kupima chochote kinachobeba watu: ukiambiwa viwili, tia viwili! Kuna vitu havipatanwi. Na kitu kikikufurahisha kwa jinsi kinavyopanda, usipige makofi ukaondoka. Kaa hapo hapo, uhesabu na kushuka kwake. Na kama aliye chini yako anajua kuhesabu kuliko wewe, mwache ahesabu kwa sauti, usimchekeshee watu. Mimi niliwachekesha wote, na sasa sijui ni nani atakayemshusha dada yangu.